Kuufuata Ruvu toka Nyandira mpaka darajani: matuta, udongo na kingo za mto

Nimerudi Dar wiki iliyopita, notibuku imejaa tope na simu imejaa picha, sasa naunganisha kabla sijasahau. Safari ilikuwa mwishoni mwa Juni, masika imeshakatika. Sababu ya kwenda ni kwamba maji mengi tunayokunywa hapa Dar yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inaanzia milima ya Uluguru kule Morogoro, na miaka yote tunaambiwa udongo unashuka, mto unajaa mchanga, kiangazi maji yanapungua. Mgao wa mwishoni mwa 2022 nadhani kila mtu wa Dar anaukumbuka. Na kila mara lawama zinaishia kwa wakulima wa milimani, basi. Mimi nikataka kwenda kuwaona hao wakulima shambani kwao, wa mlimani na wa ukingoni mwa mto, wanalimaje sasa hivi na kwa nini. Nilienda na rafiki yangu ambaye mama yake ni Mluguru wa Matombo, bila yeye nusu ya haya nisingeyaona.

Jumatano, Dar mpaka Moro

SGR daraja la kawaida 13,000, tulikata tiketi mtandaoni mapema maana mwisho wa wiki zinaisha. Hata masaa mawili hayafiki uko Moro. Stesheni iko mbali na mjini, ukitoka nje utakuta daladala na bajaji, sisi tulikuwa na mizigo tukachukua bajaji mpaka Msamvu 7,000. Gesti 20,000, safi, maji ya moto hakuna. Tukala wali maharage na mchicha kwa mama ntilie 2,500 halafu tukaingia sokoni kununua buti za mpira 15,000 kila mmoja. Nawashauri nanyi mnunue, huko juu udongo ukishalowa raba hazifai kabisa.

Alhamisi, Moro – Mlali – Nyandira

Gari za Mgeta, huko milimani iliko Nyandira, zinatoka asubuhi, Coaster, nauli 6,000. Konda alisema tunaondoka saa mbili, tukaondoka saa nne na nusu, lazima ijae kwanza abiria halafu ijae mifuko ya mbolea na mafuta ya kula na madumu. Unafuata barabara ya Iringa, unapita pembeni ya bwawa la Mindu linaloinywesha Moro mjini, ukifika Sangasanga unakunja kushoto kwenda Mlali. Mpaka Mlali ni tambarare na nyanya tupu, hapo hakuna cha kusimulia.

Baada ya Mlali mnaanza kupanda, na hapo ndo nikaacha kuangalia simu. Pale barabara ilipochongwa mlimani unauona udongo umekatwa wima, unasoma tabaka moja moja: juu kabisa kuna weusi mwembamba, sehemu nyingine hata shubiri moja haufiki, chini yake wekundu, chini zaidi mwamba uliooza unaomeguka ukiugusa na kidole. Huo weusi wa juu ndo chakula cha watu wote wa huku. Ukishaondoka, unabaki kulima kwenye wekundu ambao haukupi kitu bila samadi.

Katikati ya mlima tukakuta fuso la kabichi limekwama kwenye kona, tairi la nyuma limezama, gari zimepanga foleni juu na chini. Masaa mawili na nusu. Wanaume wakashuka wakaanza kubeba mawe, wengine wakachimba, hakuna aliyeitwa wala aliyelipwa, na mama mmoja aliyekaa siti ya mbele yetu akafungua kapu lake akatoa magimbi ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi akagawa gari zima. Tulipotaka kumpa hela akakataa, akasema "wanangu, mkishafika mtakula wapi saa hizi?" Tukafika Nyandira saa kumi jioni na baridi ya kutosha. Bebeni sweta, Juni huku usiku blanketi moja halitoshi. Gesti 15,000, na mwenye gesti aliposikia tumekuja kuangalia mashamba akasema kesho atatupeleka kwa mzee jirani yake.

Ijumaa, shambani Nyandira

Siku hii ndo ilikuwa na mengi kuliko zote.

Kwanza mandhari. Mlima mzima umekatwa ngazi, toka bondeni mpaka juu kunakoanza msitu, kabichi, njegere, viazi, maharage, kila ngazi na rangi yake. Mifereji midogo inaleta maji toka kwenye vijito, watu wanapeana zamu ya kumwagilia.

Mzee mwenyewe ana miaka sabini na kitu. Tukamwamkia, shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, akatuangalia buti akaridhika, tukaanza kupanda. Ana mashamba ya aina mbili. Ya chini karibu na maji ni matuta mapana ya bapa, ya mboga. Ya juu kwenye mteremko mkali ni ngazi nyembamba za kienyeji za mahindi na maharage, na hizi sikuwahi kuziona popote. Akachukua jembe akatuonyesha. Anasimama chini anatazama mlima, anafyeka majani na mabua ya msimu uliopita anayalaza mstari mmoja kukata mteremko, halafu anavuta udongo wa juu yake kwa jembe anayafunika, anakanyaga kidogo kwa kisigino. Imetokea ngazi moja, upana wake kama mkono toka kwenye kiwiko mpaka vidoleni na zaidi kidogo. Anapanda hatua moja anarudia. Msimu ujao anafungua pale alipofukia, majani yameshaoza yamekuwa udongo mweusi, anautandaza na kufukia mengine. Nikachota kwenye ngazi ya mwaka jana, laini, una minyoo, una harufu ya msitu. Nikachota nusu hatua pembeni, mahali ambapo hapakufukiwa kitu, mgumu mwekundu. Ni udongo wa shamba moja na mlima mmoja.

Hii namna ya kulima hawakufundishwa na mradi, waliikuta kwa wazee wao.

Kwenye matuta mapana nako kuna akili nyingine. Ukingo wa kila tuta umepandwa majani ya malisho, marefu, mizizi imeshika ukuta. Nikauliza nani aliwaambia wapande. Akacheka akatupeleka bandani. Kuna mbuzi wa maziwa wanne kwenye banda lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao zenye nafasi, samadi inadondoka chini inakusanywa. Hawa ni uzao wa mbuzi wa Norway ambao chuo cha kilimo cha SUA kilileta Mgeta miaka ya themanini. Mbuzi hawaachiwi wazurure mlimani, wanakatiwa majani, na majani yanatoka kwenye kingo za matuta. Kwa hiyo ukuta unalindwa maana ndo chakula cha mbuzi, mbuzi anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi kwenye kabichi, kabichi inaenda Dar. Ukimwambia mzee ang'oe yale majani hatakubali kwa lolote, na hakuna bwana shamba anayemsimamia.

Halafu akatuonyesha ng'ambo ya bonde, kuna mkwaruzo mrefu mlimani, umeota majani lakini bado unaonekana. Akasema huo ni wa mwaka 1970. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya safari: mvua ya tarehe 23 Februari 1970, masaa machache tu, ikaleta maporomoko zaidi ya 1,000 kwenye eneo la kama kilomita za mraba 75 hapa Mgeta, na watafiti waliokuja kuhesabu wakakuta karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye majani matupu, msituni machache mno. Mzee alikuwa kijana. Anasema usiku ule walisikia mlima unanguruma na asubuhi mto haukuwa na maji, ulikuwa na tope. Kwa hiyo matuta peke yake hayatoshi, mizizi ya miti inashika chini zaidi kuliko jembe linavyofika, na yeye mwenyewe ndo aliyesema hivyo.

Mchana tukala ugali, njegere za nazi na kachumbari nyumbani kwake, mke wake akakataa hela, tukamwachia sukari kilo mbili na sabuni. Kabla ya kulala nikachota maji ya kijito nyuma ya gesti kwenye chupa ya nusu lita nikaiweka dirishani. Asubuhi chini kulikuwa na udongo kidogo tu, unene wa kucha.

Kwa atakayekuja: ulizieni siku za soko kabla hamjapanga, siku ya soko gari ni nyingi na siku nyingine unaweza kukaa mpaka mchana. Mtandao upo ila unakatika. Hela taslimu bebeni, wakala yupo lakini float ikiisha imeisha. Na msituni msiingie kienyeji, ni hifadhi ya mazingira asilia, kibali mnachukua kwa TFS, wakala wa misitu, Moro mjini.

Jumamosi, Nyandira – Moro – Matombo

Siku ya gari tu. Kushuka 6,000, Moro tukabadilisha, gari ya Matombo 5,000. Njia inaanzia Bigwa inapita Kiroka na Mkuyuni, ni barabara ya kwenda Mvuha ambayo iko kwenye mpango wa lami kilomita 78, sisi tulikuta vipande vinachongwa na vumbi mpaka kwenye meno. Upande huu wa mashariki mvua hainyimi, kijani kila mahali, migomba, minazi, mifenesi, mikarafuu, mdalasini, pilipili manga zimepanda kwenye miti. Tukanunua nanasi kubwa barabarani 1,000. Usiku tukafikia kwa bibi yake rafiki yangu, tukapewa togwa ya baridi na ugali na samaki wa mtoni.

Jumapili, Matombo

Watu walienda kanisani misheni, mchana bibi akakaa na sisi barazani. Ana zaidi ya miaka themanini. Nilitaka kumuuliza kuhusu 1955 na nilikuwa naogopa kuonekana mpelelezi, kumbe yeye mwenyewe alikuwa anasubiri mtu aulize.

Kwa ambao hamjui: baada ya vita ya pili serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Waliona udongo unashuka, na kuona huko hawakukosea. Dawa waliyoleta ni matuta mapana ya ngazi, kila kaya ichimbe, kwa lazima, asiyechimba anatozwa faini. Tatizo ni ule udongo niliouona barabarani. Ukichimba tuta pana kwenye mteremko wenye weusi wa shubiri moja, unaufukia weusi na kuuleta juu wekundu. Bibi anasema, "Tulichimba sana. Mama alichimba na mtoto mgongoni. Tukapanda mahindi yakatoka ya njano, mafupi, tukavuna mabua." Samadi ya kurudisha rutuba haikuwepo. Mwaka wa kwanza njaa, mwaka wa pili unaambiwa uchimbe tena.

Julai 1955 watu wakakataa. Walikusanyika hapa Matombo kwa wingi, wanawake kwa wanaume, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjwa mwaka huo huo. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe, na huku ikapata wanachama wengi. Bibi alikuwa msichana mdogo, anakumbuka walifichwa shambani kwa mjomba mpaka jioni. Baada ya hapo, anasema, watu waliyabomoa matuta hata yale mazuri, hawakutaka kuyaona.

Nilikaa na hilo usiku mzima. Nyandira matuta mapana yapo mpaka leo, yanatunzwa, watu wanayaongeza. Huku yalivunjwa kwa hasira. Jembe ni lile lile, mlima mmoja. Kule kulikuwa na maji ya kumwagilia, mboga zenye soko na mifugo ya kutoa samadi, tuta linalipa. Huku ilikuwa amri juu ya mahindi. Mtu akiniambia tena wakulima wa Uluguru hawataki kuhifadhi udongo nitamwambia aje akae barazani kwa bibi huyu kwanza.

Jumatatu, Kibungo Juu

Boda wawili, 20,000 kila mmoja kwenda na kurudi, na kuna sehemu unashuka unatembea, wao wanasukuma. Pikipiki moja ikakata cheni. Fundi akapatikana kijiji cha mbele, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, akaunga kwa nyundo na msumari akachukua 2,000, na wakati tunasubiri dada yake akatuletea ndizi za kuchoma.

Huku nilitaka kuona masalia ya mradi mmoja. Kuanzia 2008 hivi mashirika ya CARE na WWF walifanya jaribio kwenye vijiji vya Kibungo Juu, kwenye mto Mfizigo unaoingia Ruvu: wanaotumia maji huko chini, DAWASCO (kampuni ya maji ya Dar wakati huo) na Coca-Cola Kwanza ya soda, walipe, na mkulima wa juu alipwe kwa kulima kwa namna inayozuia udongo. Fanya juu (unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu), matuta ya ngazi, mistari ya majani na mananasi kukata mteremko, miti, samadi. Malipo ya kwanza yalitoka 2009 hivi. Mradi ulishaisha zamani, nilitaka kuona kipi kimebaki baada ya hela kukatika.

Kimebaki nusu nusu, na hiyo nusu inafundisha. Mama mmoja ana kama ekari moja na robo, shamba la ukoo wa mama yake, na kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Matuta yake yote yapo. Alipata malipo, anasema hayakuwa mengi lakini yalimvusha ule mwaka wa kwanza ambao mavuno yanashuka na mgongo unauma, mwaka wa pili akaweka samadi ya nguruwe akaanza kuvuna. Kingo kapanda mananasi, juu kuna mikarafuu na grevilea. Anasema, "Karafuu hii nitakula mimi na wajukuu, kwa nini nibomoe?"

Hatua mia mbili toka hapo kuna kijana analima shamba la kukodi. Mteremko ule ule, hakuna tuta hata moja, mahindi yamepandwa toka juu kushuka, mvua imechimba michirizi, mingine mguu wangu unazama mpaka kwenye goti. Nikadhani ni uvivu. Akanieleza taratibu: ardhi ni ya ukoo mwingine, analipa ngoto, yaani kodi ya kimila ya shamba, kila mwaka, haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, maana ukipanda mti unaonekana unataka kuchukua shamba. Tuta lenyewe likichukua miezi kuchimba, mwakani mwenye shamba anaweza kumpa mtu mwingine. "Nichimbie nani?" Hakuna semina itakayojibu hilo swali, hiyo ni kazi ya wenye ukoo na serikali ya kijiji, wakae waandikishane mkataba wa miaka mitano au kumi ndo mtu achimbe. Bwana shamba tuliyekutana naye njiani akasema kuna koo zimeanza kufanya hivyo, kwa maandishi, mbele ya mtendaji.

Nikachota maji ya mto. Kulala kuamka, udongo umejaa upana wa kidole kimoja.

Jumanne, Mvuha na mashamba ya mtoni

Gari toka Matombo 4,000, asubuhi sana. Hapa milima imekwisha, mto umepanuka, joto limerudi. Kila kilichoshuka kinafika hapa.

Mwenyeji wetu ni jamaa wa miaka arobaini na kitu, analima mahindi, mpunga kidogo na ndizi ukingoni kabisa. Akatupeleka mpaka mwisho wa shamba, ukuta wa udongo wa kama mita tatu unaangalia maji, na chini yake mwembe umelala mtoni, mizizi juu. Huo mwembe anasema ulikuwa katikati ya shamba la baba yake.

Tulikaa pale kama saa nzima nikaona jinsi mto unavyokula. Hauli juu, unakula miguuni. Kwenye kona ya nje maji yana kasi, yanachimba mchanga wa chini, juu panabaki panening'inia, halafu panapasuka mstari hatua moja toka ukingoni, kesho au wiki ijayo kipande kizima na mahindi yake kinaanguka. Tukiwa pale kimoja kikaanguka, kipande cha ukubwa wa meza, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo, kona ya ndani, mto unautupa mchanga, kumeota ufukwe mpya na tayari kuna mtu amepanda matikiti. Ugomvi unaanzia hapo, ardhi imetoka kwa huyu imeenda kwa yule, na mpaka ulikuwa mto.

Zamani ukingo ulikuwa na mikuyu na matete. Watu walifyeka kupata hatua chache zaidi za kulima karibu na maji, wengine wanapitisha mifugo kunywesha palepale kila siku, na juu zaidi kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaogeuza kingo kutafuta mchanga wa kuosha. Yote hayo yanakutana na mafuriko ya masika.

Sheria ipo, Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60 toka ukingoni usifanye shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo. Bodi ya bonde la Wami/Ruvu wanaweka bikoni, vile vigingi vya mpaka. Sasa nilimwomba jamaa tupime. Ekari hapa ni hatua 70 kwa 70, yaani kama mita 64 kila upande. Shamba lake ni ekari moja. Ukitoa mita 60 anabaki na mita nne, mistari michache ya mahindi. Sisemi sheria ni mbaya, nimeona kwa macho yangu ukingo usio na mizizi unavyoanguka, na mita 60 zina maana. Nasema mtu mwenye ekari moja huwezi kumwonyesha bikoni ukaondoka, inabidi umwonyeshe pia atakula nini kwenye hizo mita 60.

Yeye na majirani zake wachache wameanza kujibu wenyewe. Mita kumi za mwanzo wameacha kulima kabisa, wamepanda matete na mianzi chini, juu yake migomba, miembe na michungwa, mahindi yanaanza nyuma ya hapo. Matete wanakata kulisha mbuzi, mianzi wanauza kwa wajenzi na wasuka matenga. Mifugo wamekubaliana njia moja tu ya kushukia mtoni, wameiwekea mawe. Nikatembea sehemu yao, masika imepita na ukingo umelala, hauko wima, matete yameinama yameshika tope jipya. Vipande viwili tu vimemeguka. Sehemu ya jirani ambaye hajajiunga ndo pale kilipoanguka kile kipande. Nyasi za vetiva wamezisikia kwenye redio, wanazitaka sana maana mizizi yake inaenda chini mita kadhaa, ila miche hawajaipata.

Chakula cha mchana wali na kambare wa mchuzi 4,000. Chupa ya Mvuha: vidole viwili. Juu ya mto ilinyesha usiku, kwa hiyo siwezi kusema ni kila siku.

Jumatano, kurudi

Mvuha mpaka Moro, kisha basi la Dar, tukashuka Ruvu darajani. Mto hapo ni mpana na mzito. Mbele kidogo ni Mlandizi, kwenye mtambo wa Ruvu Juu, maji haya haya yanasafishwa yanakuja kwenye bomba letu. Kule nyuma, chini ya pale mto Mgeta, unaotoka kule Nyandira, unapokutana na Ruvu, ndo linajengwa bwawa la Kidunda la mita za ujazo milioni 190. Nalifurahia, tunalihitaji. Lakini tope la Mvuha litaenda kutulia humo humo, na bwawa linalojaa udongo linapungua kila mwaka. Kama kuna hela ya ukuta wa bwawa basi ipatikane na ya mama wa Kibungo Juu na ya yule kijana wa kukodi, kila mwezi, kutoka kwenye bili zetu sisi wa Dar. Mimi niko tayari kulipa.

Mahesabu na mengineyo: kwa mtu mmoja, nauli zote na boda, malazi, chakula na buti nimetumia kama 190,000, na kwa bibi tulilala bure. Nendeni Juni mpaka Septemba, Machi mpaka Mei Kibungo Juu hakufikiki. Popote mnapofika pitieni ofisi ya kijiji kwanza mjitambulishe, mkiingia mashambani na kamera bila kuaga watu wanadhani mnapima ardhi, na wana sababu ya kuogopa. Gari ya kutoka Mvuha asubuhi inaondoka saa kumi na moja alfajiri, ya pili haina uhakika. Na mwenye kujua pa kupata miche ya vetiva kwa bei ya jumla, Moro au hata Dar, tafadhali aniambie, wale jamaa wanataka kupanda kabla ya vuli na nimewaahidi nitawatafutia.